Zabibu na Mkunga Asiyetajwa Jina

Watu wengi hufungua kitabu mwanzoni. Zabibu binti Amadi wa Kamalondo, mtaa wa mji wa Lubumbashi, alikifungua mwishoni, na kama mwishoni hapakuwa na kitu, alikitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu mtanashati aliyevaa suruali isiyo na mifuko. Kazi yake ilikuwa faharasa: zile kurasa za nyuma zinazopanga maneno kwa alfabeti na kumwonyesha msomaji kila jambo liko ukurasa wa ngapi. Aliifanya katika nyumba ndogo ya uchapaji karibu na reli. Wenzake wote pale walichafuka wino hadi viwikoni, naye alitoka jioni na mikono safi. Kwa sababu hiyo wengi waliamini kwamba hafanyi kitu.

Wangejua! Kazi hiyo alifundishwa na mtawa Marie-Thérèse, aliyetunza maktaba ya masista. Mtawa huyo alipozeeka akarudi kwao, alimwachia Zabibu sanduku la viatu lililojaa kadi tupu, na onyo moja: faharasa ni ya mtu mwenye haraka, kwa hiyo mtungaji wake asiwe na haraka kamwe. Zabibu alilishika onyo hilo kwa ukaidi uliomchosha Numbi, mpanga herufi. Numbi alizoea kuwa na haraka siku zote, hata kama hakuna mtu anayemngoja.

Mwaka ule wa sabini na nne, mwalimu mstaafu Musonda alileta kitabu chake, *Kamalondo ya Wazazi Wetu*, historia ya mitaa na watu wake tangu enzi za nyumba za kwanza. Habari zilienea upesi. Kamalondo hakuna aliyeuliza kitabu kimeandikwa vizuri au vibaya. Waliuliza swali moja tu: niko ndani?

Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Ngosa. Alikuwa mkunga, mzee sasa, amepokea watoto wa nusu ya mji kwa mikono yake, Zabibu akiwa mmoja wao. Jambo hilo hakumruhusu Zabibu alisahau. Miguu yake ilikuwa imeanza kumsaliti, na mwanawe Ngosa, aliyefanya kazi kwenye migodi ya Likasi, alikuwa amekata shauri kumchukua akaishi naye. Mama ndiye aliyekuwa anangoja kitabu kitoke kwanza. Alikuja kwa Zabibu siku ile ile karatasi za majaribio zilipofika, akakaa kwenye kiti kabla ya kukaribishwa.

"Zabibu, mutoto yangu. Banasema kitabu ya Mwalimu iko kwako."

"Iko, Mama. Lakini sijasoma bado."

"Utasoma. Angalia kama niko mule."

"Nitaangalia, Mama."

"Nimeisha kuambia ba-mama bote benye kuteka mayi ku robine kwamba niko mule. Mukwe yangu alikuya kuniuliza mambo siku mingi. Nilimuambia yote." Sauti ikapungua. "Nikienda Likasi, kule hakuna muntu ananijua. Nataka nijue kwamba huku nimebakia."

Ni kweli kwamba Mwalimu Musonda alikuwa mkwe wake. Alimwoa Agnès, binti yake. Na ni kweli kwamba alikuja kumuuliza mambo, na mtaa mzima ulimwona. Alikaa kwenye kiti nje ya ukuta wa lupango, ua wa mama mkwe wake, mgongo kwa mlango, uso kwa barabara, akiuliza maswali yake hewani. Agnès aliyabeba maswali ndani kwa mama yake na kutoka na majibu, hata akachoka miguu kuliko mbeba maji. Watu wa kabila la Mwalimu hawakai pamoja na mama mkwe, hawali mbele yake, hawaingii lupango lake mpaka wakaribishwe kwa sherehe. Sherehe hiyo kwa Mwalimu ilikuwa imeahirishwa kwa sababu moja au nyingine mpaka mvi zikamtoka. Zabibu, ambaye baba yake alitoka Kasongo na ambaye kwao mkwe huingia na kula mpaka afukuzwe, aliyajua mambo hayo kama unavyojua mvua ya mtaa wa jirani.

Alisoma kitabu chote kwanza bila kugusa kadi hata moja. Ndivyo kazi inavyoanzwa: huwezi kujua kilicho kikubwa ndani ya kitabu kabla hujafika mwisho. Akakutana na wauza mkate wa kwanza, wapiga mpira, mafundi seremala, mbwa aliyejua kupanda treni na kushuka bila kukosea kituo. Akakutana na baba yake mwenyewe katika sentensi moja: "Usiku ulipotulia, mashine ya Amadi fundi nguo ilisikika." Alicheka sana.

Mama Ngosa hakuwemo.

Alirudi ukurasa wa kwanza akasoma tena, kidole juu ya mstari. Wapi! Mbwa yumo na mkunga hayumo. Zabibu hakuwa mtu wa hasira, lakini siku ile alifungua na kufunga droo za meza yake mpaka Numbi akamuuliza kama kuna panya. Mkwe mzima! Anakula maneno ya mama wa watu siku nyingi, kisha anamfuta? Na nani atakayekwenda kumwambia? Yeye Zabibu, aliyepokewa duniani na mikono ile ile.

Akafanya anachofanya mtu asiyetaka kwenda kutoa habari mbaya: akaanza kazi. Kadi moja, jambo moja, namba ya ukurasa. Alipita kitabu tangu mwanzo, akichuja. Jambo linalotajwa kwa kupita tu haliingii, maana msomaji atakayetumwa ukurasa wa arobaini akakuta neno moja tupu ana haki ya kutukana. Jambo lenye maelezo linaingia, tena kwa neno ambalo msomaji atalitafuta, si lile ambalo mwandishi amelipenda. Mwalimu alikuwa ameandika "maradhi ya kinywa". Zabibu akaandika "meno". Elisabethville akaiandikia "tazama Lubumbashi", na Katanga akaiandikia "tazama Shaba", maana miaka ile mambo mengi yalikuwa yamebadilishwa majina na msomaji asiadhibiwe kwa kukumbuka la zamani.

Alipofika kadi ya "baiskeli", akaandika: ukurasa wa 31, mwanamke mmoja apita juu ya baiskeli ya kiume, sanduku limefungwa nyuma, wanaume wasimama wakimcheka. Kadi ya "treni": 40, mtoto azaliwa ndani ya behewa, "kwa bahati alikuwemo mtu mwenye kujua". Kadi ya "ndui": 52 mpaka 55, wote wakimbia mtaa, "mmoja tu akakataa kuondoka, akabaki na wagonjwa". Kadi ya "baa": 63, mtu fulani aingia kumwamuru mwenye baa azime muziki kwa sababu nyumba ya pili kuna mama anayejifungua, na muziki wazimwa.

Mkono wake ukasimama. Hadithi ya baa ile aliijua. Aliisikia utotoni, mara nyingi kupita kiasi, kutoka kinywani mwa Mama Ngosa mwenyewe, pamoja na namna mwenye baa alivyotetemeka. Akazitoa kadi kwenye sanduku, akazipanga juu ya meza bila kujali alfabeti. Mwanamke mmoja. Mtu mwenye kujua. Mmoja tu. Mtu fulani. Kitabu kizima kilikuwa kimejaa mama huyu, anakatiza kila barabara, na popote anapofika mwandishi anaangalia pembeni.

Sasa hapo mtungaji wa faharasa hupata jaribu. Angeweza kuandika "Mama Ngosa" na kupanga namba zote nyuma yake, mambo yakaisha. Lakini faharasa haina ruhusa ya kubahatisha. Ikisema mtu yuko ukurasa wa 63, lazima awe pale kweli. Na aliyejua kweli alikuwa mmoja. Zabibu akafunga kadi zake kwa uzi, akajitanda kikwembe, akaenda kwa Mwalimu.

Alimkuta Mwalimu Musonda barazani kwake, mtu mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa waya. Zabibu hakuzunguka.

"Mwalimu, unisamehe. Ule mama juu ya kinga, baiskeli ya wanaume, page ya makumi tatu na moja. Ni nani?"

Mwalimu akatazama paa. "Ni mama mumoja."

"Na ule wa mu treni?"

"Ni mama mumoja vilevile."

"Njo mama mukwe yako, Mwalimu! Alikuzalia bibi, akakupa habari, na weye hata jina yake hauandike? Mbwa iko mu kitabu!"

Agnès, aliyekuwa ndani akichambua sombe, akatoka na majani mkononi ili asipitwe. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Mama Asani," akasema, akimwita Zabibu kwa jina la mwanawe kama heshima ilivyotaka, "nitamutaja namna gani? Ni mukwe yangu. Kinywa yangu haijamuitaka hata siku moja. Unazani kalamu haiko kinywa? Nikiandika jina yake mu kitabu, nalisema mbele ya bantu bote, na mbele ya bale benye hawajazaliwa. Na siku ile miye nitakuwa nilikufa kale, sitaweza hata kuomba ruhusa."

Zabibu alikijua kiti cha nje ya ukuta. Hakujua kwamba ukuta ule uliendelea mpaka ndani ya kitabu. Hasira aliyokuja nayo ikamwishia mikononi, akabaki amesimama nayo kama mtu aliyeleta fimbo kumpiga nyoka akakuta kamba.

"Basi juu ya sababu gani ulimuweka mu kitabu?" akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Ningefanya nini? Nilijaribu kumutosha, kumuondoa mu kitabu. Kila habari ilianguka. Kamalondo bila yeye, unaandika nini?"

Ndipo Zabibu alipoliona jambo ambalo lilikuwa mkononi mwake muda wote, limefungwa uzi.

"Mwalimu. Faharasa, ni nani anaiandika?"

"Ni weye."

"Miye ni mukwe yake?"

Tabasamu likaanza kumjia Mwalimu taratibu, mtu mzima yule, mpaka akawa kama kijana aliyeambiwa shule imefungwa.

"Lakini lazima nijue kama ni yeye kweli," Zabibu akaendelea. "Page kwa page. Siandike kitu ya kuzania."

"Sitasema."

"Usiseme. Nitasoma, na kama ni yeye, kohoa."

Agnès alicheka mpaka sombe ikamwagika. Mwalimu hakucheka. Aliketi wima, akaweka mikono magotini, akasafisha koo kwa uzito wa shahidi mbele ya hakimu. Zabibu akasoma baiskeli, Mwalimu akakohoa. Treni, akakohoa. Ndui, akakohoa kwa huzuni, au Zabibu alidhani hivyo. Baa, akakohoa mara mbili. Ukurasa wa 71 kuna mama aliyemmwagia mtoza kodi ndoo ya maji, na Zabibu aliusoma kwa uhakika kabisa, maana mtaa mzima uliamini huyo ni Mama Ngosa. Kimya.

"Siyo yeye?"

"Ule ni mama yangu miye," Mwalimu akasema kwa fahari. "Ule naweza kumutaja. Ni Mwansa."

Basi huyo akapata kadi yake, na Zabibu akashukuru kwamba hakubahatisha. Walipofika ukurasa wa 104, harusi ya mwandishi, ambapo imeandikwa "mzazi wa bibi arusi alitoa binti yake bila kuomba kitu ila heshima", kikohozi kikamshika Mwalimu kikawa cha kweli, hata Agnès akamletea maji.

Ilibaki jina. Mama Ngosa ni mama wa Ngosa. Yeye mwenyewe alikuwa nani? Zabibu akapita kwake jioni.

"Niko?" mama akauliza kabla ya salamu.

"Uko, Mama. Lakini nakuuliza kitu. Jina yako yenyewe, ya kuzaliwa?"

Bibi alimtazama kama ameulizwa njia ya mji aliouhama zamani. "Chomba," akasema mwishowe. "Chomba ya Kasonde. Kasonde alikuwaka baba yangu." Akaongeza, akicheka kidogo, "Hakuna muntu ananiitaka vile tena."

Kanuni ya mtawa Marie-Thérèse ilisema mtu aandikwe kwa jina la ukoo. Zabibu akaipeleka kanuni hiyo kwa akina mama bombani, kama alivyozoea kupima maneno yake. "Mukitafuta Mama Ngosa mu kitabu, mutamutafuta ku jina gani?" Walimshangaa. "Ku Mama! Tumutafute wapi tena?" Basi kanuni ikainama. Herufi M ikavimba kwa akina mama wa Kamalondo mpaka Numbi akaja na karatasi mkononi na uso mrefu.

"Zabibu, nafasi yako imejaa. Huyu mama mumoja anakamata mistari yote hii? Weka namba tu. Thelathini na moja, arobaini, hamsini na mbili, basi."

"Namba tupu hazisaidii. Msomaji atajuaje wapi kuna ndui na wapi kuna harusi? Afungue zote?"

"Basi tosha kitu ingine."

Alitoa. Alipitia kadi zote tena na kuondoa kila lililoingia kwa upendeleo, na la kwanza lilikuwa la "Amadi, fundi nguo". Aliliweka mwanzoni kwa mapenzi, akijua fika kwamba ni la kupita tu. Mzee Amadi alipopata habari alisusa chakula cha jioni, au alisusa mpaka harufu ya mikebuka ilipomfikia.

"Mashine yangu ilisikika mpaka Kampemba," akalalamika huku akitoa miiba ya samaki, "na mutoto yangu mwenyewe ananitosha?"

"Baba, mule banasema mashine. Weye habasemi."

"Basi andika mashine!"

Hakuandika. Mwalimu naye aliletewa karatasi za faharasa atie sahihi. Akasoma A mpaka L kwa makini, akasahihisha mawili matatu, akaruka M nzima macho yamefumbwa, akaendelea na N.

Kitabu kilitoka msimu wa kiangazi. Gari la Ngosa lilikuwa limeahidiwa wiki ile ile, na mizigo ya mama ilikuwa tayari mlangoni, sanduku la ukunga juu kabisa. Zabibu alileta nakala ya kwanza ingali inanuka wino. Majirani walijaa lupangoni, akina mama wa bombani mbele. Mwalimu Musonda alikuwa mahali pake, kwenye kiti nje ya ukuta, mgongo kwa mlango.

Mama Ngosa hakujua kusoma. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakipima uzito, akakirudisha. "Nionyeshe fasi niko."

Zabibu akafungua mwishoni. Akaweka kidole cha bibi juu ya mistari. Ilikuwa mingi, kidole kikashuka, kikashuka. "Yote hii ni weye, Mama." Akavuta pumzi ili asome.

"Ngoja," bibi akasema. "Ni nani aliandika kitabu?"

"Ni Mwalimu."

"Basi, asome yeye."

Agnès akamtazama mama yake, mkono kifuani. Mama Ngosa alikuwa amekwisha kugeukia jiko, na hapo ndipo wote walipotambua kwamba sufuria iliyokuwa inachemka tangu asubuhi haikuwa ya safari. Ndani yake mlikuwa na kuku mzima, hajakatwa hata bawa, kama anavyopikiwa mkwe siku ya kuingizwa na kufunguliwa kinywa.

"Agnès. Enda uambie bwana yako nimechoka na ule mugongo. Aingie akule."

Mwalimu aliingia akiwa ameinama, kofia mkononi, akipita katikati ya watu bila kumwona hata mmoja. Alinawishwa. Alikula tonge moja la bukari na kipande cha kuku mbele ya mama mkwe wake, na hakuna aliyemcheka, hata Numbi. Ndipo akapewa kitabu chake mwenyewe. Akautafuta mstari ulioonyeshwa na kidole cha Zabibu, akarekebisha miwani yake ya waya, na akasoma kwa sauti ya darasani.

"*Mama Ngosa, Chomba wa Kasonde, mkunga. Apanda baiskeli ya kiume, 31. Azalisha ndani ya treni, 40. Akataa kuwaacha wagonjwa wa ndui, 52 mpaka 55. Azimisha muziki wa baa, 63. Afundisha wakunga wengine, 79. Alea watoto wasio wake, 90. Amwoza binti yake kwa mwandishi wa kitabu hiki, 104.*"

Bibi alikuwa amesikiliza akitazama chini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Jina," akasema. "Ile ya kuzaliwa. Rudilia."

Mwalimu akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "Chomba," akasema.

"Niko," Mama Ngosa akawaambia akina mama wa bombani, na akamwagiza Agnès amwongezee mkwe wake kuku.